Fimbo Hufundisha Nini?

Mara nyingi twasikia wazazi na hata walimu wakisema kwamba mtoto asiyechapwa hafundishiki. Neno hili limezoeleka mno, hata watu hawaulizi tena kama ni kweli. Sisi twalikana. Fimbo hufundisha, tena hufundisha sana. Ila haifundishi lile alilokusudia mwenye kuishika.

Yafaa kwanza tujue viumbe hujifunzaje. Mrusi mmoja mwenye elimu kubwa, Ivan Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kuchunguza jinsi chakula kinavyosagwa tumboni, aligundua jambo kwa mbwa wake. Mbwa akitiwa chakula kinywani hutokwa na mate. Hilo hafundishwi na mtu. Lakini sauti fulani ikisikika kila mara kabla ya chakula, mwishowe mbwa hutokwa na mate kwa sauti ile peke yake, ijapokuwa chakula hakijaletwa. Mambo mawili yakifuatana mara nyingi, mwili huyafunga pamoja.

Basi, wasomaji wapenzi, pimeni wenyewe. Mtoto akosaye hesabu huchapwa mbele ya ubao, leo na kesho na kesho kutwa. Ni mambo gani yafungwayo pamoja hapo? Ni hesabu na maumivu. Baadaye akiuona ubao tu, moyo wamwenda mbio na mikono yatetemeka, kabla fimbo haijainuliwa. Nasi twamwita mjinga! Kumbe ni mwanafunzi hodari, kwa maana somo tulilompa amelishika barabara.

Tena yuko mtoto anayechelewa kwa kuwa ametumwa maji alfajiri. Afikapo shuleni huchapwa mlangoni. Siku nyingine akiona amechelewa, hujificha katika mahindi mpaka wenzake watoke. Fimbo haikumfundisha kuwahi. Imemfundisha kutofika kabisa.

Mmarekani B. F. Skinner alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938 jinsi alivyowazoeza panya kubonyeza kijiti ili wapate chakula. Kisha chakula kikakatwa, na baadhi yao wakawa wakipigwa miguuni kila walipobonyeza, kwa muda mfupi tu. Hao walipunguza kubonyeza. Lakini kipigo kilipokoma walirudia, na siku ya pili ilipokwisha jumla yao ilikuwa sawa na ya wale wasiopigwa. Kweli, kipigo kikali zaidi chaweza kuzuia kwa muda mrefu zaidi. Lakini kuzuia si kufundisha. Fimbo husema, "Acha", haijui kusema, "Fanya hivi."

Wako watakaosema kwamba pasipo fimbo hapana nidhamu. Hao na waende Morogoro. Huko, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO tangu mwaka 2000 limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akiitambua harufu inayotakiwa, husikia mlio mfupi wa kidude, na papo hapo hupewa chakula akipendacho, kama ndizi. Akikosea hapigwi, hapati kitu, basi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, akatambua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza. Kazi hiyo ya hatari hakuifundishwa kwa kiboko.

Wengine hutuletea methali: Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Nasi twaikubali. Hatusemi mtoto aachwe afanye apendavyo. Akichafua, asafishe, akiharibu, atengeneze, akicheza saa ya kazi, akose saa ya mchezo. Na wale washikao Mithali ili kuitetea fimbo, wakumbuke kwamba Mtume Paulo aliwaonya akina baba wasiwatie watoto wao uchungu.

Kenya iliondoa viboko shuleni kwa sheria mwaka 2001. Kwa Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 ziliviruhusu bado, ila visizidi vinne. Lakini sheria haiwezi kusimama katika kila darasa na kila ua. Kazi hii ni yetu sisi wazazi na walimu.

Basi tufanyeje? Mtoto afanyapo vema, hata jambo dogo, asifiwe papo hapo, naye aambiwe ni kwa lipi. Sifa isingoje mwisho wa mwaka, kwa maana panya wa Morogoro hapewi ndizi ya leo mwezi ujao. Kazi ngumu igawanywe vipande, ili kila siku apate cha kushinda. Na akikosea, aonyeshwe njia iliyo sawa, kisha ajaribu tena.

Ikiwa panya amepata mwalimu mwenye subira, mtoto wetu amekosa nini hata anyimwe?