Tangi la Kioo na Kinywa cha Kambare

Wapo wafugaji wa samaki wa mapambo wanaowatia oska na kambare mwenye mkia mwekundu, wote wazawa wa bonde la Amazon, katika tangi moja la sebuleni, ati kwa kuwa walilingana vimo siku waliponunuliwa. Hoja hiyo haina mashiko. Oska hukomea takriban sentimita 35. Kambare yule huweza kupita mita moja, na kinywa chake humtosha jirani aliyekula naye jana. Hata wasipolana, walaji nyama hawa hutoa amonia kwa wingi, nayo huwaunguza matamvua. (Matamvua! Neno zuri lililoachwa kuota vumbi kamusini.)

Zito zaidi ni hatima ya samaki aliyelishinda tangi. Anayemtamani kambare huyu na aulize kwanza bei ya bwawa, kwani kumtupa mtoni si huruma. Waliomtia sangara, yaani mbuta wa wavuvi wa Kisumu, katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 walitaka samaki mkubwa wa kuvuliwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, aina nyingi za fulu zilikuwa zimetoweka.