Shaba Yetu Ndani ya Gitaa la Besi

Katika parokia nyingi za jiji letu la Lubumbashi, kutoka Kamalondo hadi Ruashi, kwaya ikishapata ngoma na kinanda, kinachofuata katika maombi yake ni gitaa la besi. Matoleo ya pekee hukusanywa, jumuiya hai hugawiwa sehemu zao, akina mama huuza maandazi baada ya Misa, na baada ya miezi mingi fedha hutimia. Hapo ndipo swali linapozaliwa: tununue gitaa gani, na kwa nani? Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa nusu saa dukani, kwa kutazama rangi inayong'aa na jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa. Sisi tunaona kwamba linastahili fikra zaidi, kwa kuwa ndani yake mna senti za wajane, jasho la mafundi, na hata mali ya ardhi yetu.

Kwanza tuielewe kazi ya chombo chenyewe. Besi ni sauti ambayo wengi hawaitambui mpaka inyamaze. Uzi mnene kuliko yote katika gitaa la besi la nyuzi nne hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na mtetemo huo huhisiwa kifuani kama unavyosikika masikioni. Besi huunganisha ngoma na wimbo. Huwaonyesha waimbaji mahali pa kuweka mguu. Mpigaji wake hasimami mbele, wala hapigiwi makofi, lakini akikosea, kwaya nzima huyumba.

Gitaa la besi la umeme kama tunavyolijua liliingia sokoni Marekani mwaka 1951, kazi ya Leo Fender wa California. Yeye alitaka kumpunguzia mpigaji mzigo wa kontrabasi, chombo kikubwa kama kabati; tena akaweka vyuma vya kugawanya shingo, yaani freti, ili kila noti ipatikane mahali pake bila kubahatisha. Lakini kazi ya besi haikusubiri mashine hiyo kufika Katanga. Mwaka 1952, Hugh Tracey aliponasa sauti ya Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, gitaa lilikuwa moja tu, nalo lilisikika kama mawili: kidole gumba kilitembea juu ya nyuzi nene, na kidole cha shahada kikaimba juu ya nyuzi nyembamba. Gumba hilo ndilo lililokuwa besi yetu. Na ng'ambo ya Luapula, ndugu zetu wa Zambia walikuwa na kalindula, besi ya kujitengenezea kwa mikono, ambayo jina lake limekuwa jina la muziki wenyewe. Kumwomba fundi akuchongee besi, basi, si desturi ya kigeni kwetu.

Katika nchi tajiri desturi hiyo imekuwa biashara kubwa. Mwaka 1972 karakana ya Alembic, huko California, ilimtengenezea mpigaji Jack Casady besi ya peke yake, na tangu hapo mafundi wengi wamefuata njia hiyo. Mnunuzi huchagua mti, upana wa shingo, idadi ya nyuzi, uzito. Kisha husubiri miezi mingi na kulipa maelfu ya dola. Ukikipasua chombo kama hicho kwa macho, utakuta nini? Shingo mara nyingi ni ya wenge, mti mweusi wa misitu ya Kongo. Chini ya nyuzi mna vinasa mtetemo: waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara juu ya sumaku, na sumaku nyingi za namna hiyo ni za alniko, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Shaba na kobalti! Majina mawili ambayo mtoto wa Haut-Katanga huyajua kabla ya kujua kusoma. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Kisha sisi twaenda Kasumbalesa kupokea sanduku lenye gitaa, na kulipia kazi ya mikono ya wengine.

Maoni yetu ni haya: kwaya inayoweza kusubiri na iagize gitaa lake kwa fundi wa hapa nchini, kwa kipimo cha mkono utakaolipiga.

Tunajua kwamba wapo watakaopinga. Wa kwanza watasema: chombo cha kuagiza ni anasa, na maskini hawajengewi imani kwa anasa. Neno hilo ni zito, nasi hatulidharau. Lakini anasa ni kulipia kisichohitajika. Kulipia kinachofaa si anasa. Binti wa miaka kumi na mitano mwenye vidole vifupi hawezi kulimudu vizuri gitaa la kawaida, ambalo urefu wa uzi unaolia ni milimita 864. Akichongewa la milimita 762, anapiga bila maumivu, na kwaya inapata mpigaji. Gitaa la bei nafuu lililomfaa mtu mwingine hugeuka kuwa ghali siku linapowekwa kabatini.

Wa pili watasema: magitaa ya mafundi wetu hayatulii katika sauti. Mara nyingine ni kweli, na upendo wa nchi usitufanye viziwi. Lakini tuulize sababu. Fundi hupata mti ambao haujakauka sawasawa, kwa kuwa mteja ana haraka. Hutumia vigingi vibovu vya kukaza nyuzi, kwa kuwa mteja amekataa kuongeza fedha kidogo. Huko Kinshasa fundi ajulikanaye kwa jina la Socklo ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mkono wa Mkongomani waweza kuchonga magitaa yanayopigwa na wanamuziki wa kweli. Kinachopungua mara nyingi ni mteja mwenye subira kuliko fundi mwenye akili.

Basi tununue kwa macho yaliyofunguka. Rula ya fundi seremala yatosha kwa jaribio la kwanza: pima kutoka mwanzo wa shingo, pale nyuzi zinapoanzia, hadi freti ya kumi na mbili, kisha kutoka freti hiyo hadi darajani. Vipimo hivyo viwili vikaribiane sana, cha pili kikizidi kidogo tu. Vikitofautiana mno, gitaa hilo halitaimba sawa hata likipigwa na malaika. Piga uzi bila kuubana, kisha ubane kwenye freti ya kumi na mbili: sauti iwe ileile, imepanda oktavo moja. Tazama shingo kwa jicho moja kama mtu anayechagua ubao ulionyooka. Livae begani kwa muda wa Misa nzima, maana uzito usiousikia dukani utausikia kabla ya mahubiri kwisha. Lisikilize pia likiwa halijaunganishwa na umeme. Mti mzuri hutetemeka wenyewe mikononi.

Kwa upande wa Lubumbashi, tuongeze jambo la majira. Mti huvuta unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, na baridi kavu ya Juni na Julai hukunja shingo nyingi. Gitaa lisilo na fimbo ya chuma ndani ya shingo, ile inayokazwa na kulegezwa kwa ufunguo, lisinunuliwe hata kama ni zuri namna gani. Na fundi aombwe kulitazama mara moja katika kila majira, kwa malipo yanayojulikana.

Kuhusu mti, tuwe waaminifu. Mukula, mti mwekundu wa misitu yetu, ulikatwa ovyo na kusafirishwa kwa malori katika miaka ya 2010, hata mwaka 2019 biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya mkataba wa CITES. Wimbo wa kumsifu Muumba usipigwe juu ya ubao ulioibwa katika msitu wake. Tumuulize fundi mti umetoka wapi; mlango wa zamani au meza iliyovunjika, ambayo mti wake umekauka kwa miaka thelathini, mara nyingi huwa bora kuliko mbao mbichi.

Kuhusu fedha, mapatano yaandikwe: kipimo, mti, idadi ya nyuzi, tarehe, malipo ya kwanza na ya mwisho. Fundi asilazimishwe kungoja malipo mpaka Pasaka kwa sababu tu mteja ni Kanisa. Mtume Yakobo alisema kwa ukali juu ya ujira uliozuiliwa, naye hakuziondoa kwaya katika hesabu. Tena tusizimalize fedha zote kwa gitaa. Besi ikipitishwa katika kikuza sauti kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya maneno, spika hupasuka. Karibu nusu ya bajeti na iwekwe kwa ajili ya kikuza sauti kinachofaa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya liturujia, uliheshimu kinanda cha filimbi, ukafungua mlango kwa vyombo vingine vinavyofaa ibada, vinavyolingana na heshima ya hekalu na kuwajenga waamini kweli. Miaka mitano kabla yake, huko Kamina, Misa Luba ilikuwa imekwisha kuimbwa kwa ngoma zetu. Mlango upo wazi, lakini masharti yapo. Besi inayotikisa madirisha ili jirani ajue kwamba kwaya yetu ina fedha haijengi mtu. Besi iliyopigwa kwa kiasi humwezesha bibi wa kiti cha nyuma, asiyesoma kitabu cha nyimbo, kuingia katika kiitikio bila kuogopa.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa kwaya jambo moja la kutenda. Kabla ya kupeleka fedha dukani, mtembeleeni fundi mmoja katika mtaa wenu, pamoja na mpigaji mwenyewe. Pimeni mkono wake. Ulizeni bei, mkalinganishe na ya duka, mkihesabu pia gharama ya matengenezo. Kama duka litashinda kwa haki, nunueni dukani bila aibu. Lakini fundi asishindwe kabla hajaulizwa.