Nambari ya Bi Harusi ni Amana



Leo tuna neno kuhusu kitu kidogo kilichomo katika kila harusi, na hakuna anayekikalia kikao: jina la bi harusi na nambari yake ya simu. Kabla siku ya nikaha haijafika, bi harusi huwa ameziacha kwa fundi wa nguo, kwa mpaka hina, kwa mpambaji, kwa mwenye ukumbi, kwa mpiga picha na kwa muuza udi. Harusi inakwisha na zulia linakunjwa, lakini nambari inabaki huko kote. Inabaki kwa ruhusa ya nani?

Tuutazame mji wa Arusha. Bi harusi wa Ng'iresi au Ilboru, kwenye mteremko wa Mlima Meru, hushuka mjini kupimwa gauni. Wa Usa River na Tengeru huja kwa daladala. Wengine hutoka mbali zaidi, Karatu au Babati, safari ya saa kadhaa. Huyu hawezi kurudi kila siku kuuliza kama kitambaa kimefika au kama mpaka hina ana nafasi Ijumaa. Lazima aache mahali pa kumpata. Kwa hiyo hatusemi kwamba mwenye duka asiombe nambari wala anwani. Tunasema kwamba kuna kuomba, na kuna kuchukua.

Kuchukua tunakujua sote. Juu ya kaunta kuna daftari limefunguliwa, "dada andika jina na nambari hapa". Unapoandika lako unasoma ya walioandika kabla yako, na atakayekuja nyuma yako atasoma lako. Siku mbili baadaye unajikuta umeingizwa katika kundi la WhatsApp la wateja, watu mia na zaidi, wanawake kwa wanaume, na kila mmoja wao anaiona nambari yako. Hakuna aliyekuuliza. Ukitoka, wasimamizi wa kundi wanajulishwa kwamba umetoka. Ukibaki, kuna siku simu italia usiku na sauti ya mwanamume usiyemjua itakusalimu kwa jina. Sasa mweleze mchumba, au mama mkwe mtarajiwa, kwamba humjui.

Na jina amelipata wapi? Kwetu Tanzania nambari ya simu haiendi peke yake. Mtu akijaribu kuitumia pesa, jina la mwenye laini linamtokea kabla hajathibitisha. Aliyepata nambari yako amepata na jina lako lililosajiliwa. Matapeli wa ule ujumbe wa "hiyo pesa tuma kwenye namba hii" hawahitaji zaidi ya hapo, hasa kwa bi harusi ambaye wiki hiyo anapokea michango na kulipa mafundi kila siku.

Sisi watu wa pwani na visiwani tuna neno moja linalotosha kwa jambo hili: hodi. Dini yetu imetufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Tumefundishwa pia kwamba hodi ni mara tatu; usipojibiwa, unaondoka. Simu ya mwanamke ni mlango wa nyumba yake. Anayetuma matangazo bila kuulizwa ameingia bila hodi, hata kama anachouza ni misuwaki na mavazi ya stara.

Ndiyo maana tunaitetea fomu ya barua pepe, ile unayoikuta kwenye tovuti ya duka ikikuomba uache anwani yako ukitaka kupata habari zao. Wengi wanaiona ni mambo ya wazungu, au usumbufu. Sisi tunaona kwamba ikitengenezwa vizuri, ndiyo hodi yenyewe. Wewe ndiye unayeandika anwani yako kwa mkono wako. Halafu unaletewa barua moja inayouliza: ni wewe kweli uliyeomba? Usipobofya kukubali, hakuna kinachoendelea, kwa hiyo hata jirani akiandika anwani yako kwa mzaha, hutasumbuliwa. Ukikubali, kila barua inayokuja ina mlango wa kutokea chini yake. Tangu 2024 Google na Yahoo wamewalazimisha watumaji wakubwa wa matangazo waweke njia ya kujitoa kwa kubofya mara moja tu. La muhimu zaidi kwetu, barua inamfikia kila mtu peke yake. Bi harusi wa Njiro hajui kwamba bi harusi wa Sakina yumo. Hiyo ndiyo sitara.

Tunajua mtakachotujibu. "Shoga, nani anasoma barua pepe? Sote tuko WhatsApp." Ni kweli, na hatutaki mpaka hina wa Kaloleni afunge kazi kwa sababu hana tovuti. Lakini huko huko WhatsApp kuna orodha ya kutumia watu ujumbe mmoja mmoja, ambapo mpokeaji hawaoni wenzake. Inawafikia waliohifadhi nambari yako tu, yaani waliokubali kukujua. Basi tatizo halikuwa chombo. Tatizo ni kwamba kuunda kundi ni rahisi, na kuomba ruhusa kunachukua dakika moja zaidi.

Wala hili si suala la adabu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze kusudi lake kabla ya kuzichukua. Inampa mwenye taarifa haki ya kukataa zisitumike kumtangazia biashara. Jirani zetu Kenya wamekwisha kufika kwenye faini: Septemba 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu zilizopatikana kwa watu wengine. Mwezi huo huo baa moja ya Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Wapiga picha na wapambaji wa harusi mmesikia.

Tena Arusha, kuliko miji mingi, inajua thamani ya kusitiri jina la mwanamke. Kwa miaka mingi, mpaka mwisho wa 2015, ilikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Wanawake waliofanyiwa ukatili mwaka 1994 walikuja kutoa ushahidi pale, na mahakamani waliitwa kwa herufi, si kwa majina. Kwa ushahidi wao hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ilitamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Dunia nzima iliwasikia, na majina yao yakabaki yamefungwa. Harusi si mahakama, alhamdulillahi, na mizani ya mambo haya mawili si moja. Lakini ikiwa jambo zito vile liliweza kusemwa hadharani bila kumwanika mwanamke, habari ya bei ya piko na maua haihitaji kumwanika pia.

Kwa dada zetu wenye biashara, tunawaomba haya. Funga daftari, uandike mwenyewe au utumie vipande vya karatasi. Omba unachokihitaji tu: fundi anahitaji vipimo na nambari moja, hahitaji tarehe ya kuzaliwa wala jina la bwana harusi. Kama una fomu, kisanduku cha kukubali matangazo kiwe kitupu mpaka mteja akijaze mwenyewe. Ukituma barua pepe kwa wateja wengi kwa mkono, weka anwani zao kwenye sehemu ya nakala iliyofichwa, ile iliyoandikwa Bcc, wasionane. Mteja akisema basi, mfute, usimuulize kwa nini.

Na wewe bi harusi, uliza kabla hujaandika: ya nini? Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, upande wa faragha, kwenye makundi, uchague kwamba wanaoweza kukuingiza ni watu unaowajua tu. Fungua anwani ya barua pepe ya harusi peke yake. Shughuli ikiisha, unaifunga. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia, upeleke kwenye nambari 15040.

Bibi zetu walikuwa na somo, aliyeingia chumbani, akaona yote, akasikia yote, na akafa nayo. Hakuwa na sheria wala fomu; alijua tu kwamba alichopewa si chake. Anayemhudumia bi harusi leo, kwa sindano, kwa hina au kwa kamera, ameshika sehemu ya kazi ya somo. Tunamtaka aishike kwa uaminifu ule ule.

Wabillahi tawfiq.