Mavivi: Bidhaa iko kwenye statusi, lakini imani iko wapi?

Mavivi, kwenye barabara ya kitaifa nambari 4 kati ya mji wa Beni na Oicha, inajulikana kwa mambo matatu: uwanja wa ndege, mashamba ya kakao na usalama mdogo. Siku hizi kuna jambo la nne ambalo halisemwi sana. Wakaaji wake wananunua kupitia simu. Viatu, vitenge, simu za mtumba, paneli za sola, dawa za kupulizia kakao, hata mbuzi: picha inatoka Butembo asubuhi, mnunuzi wa Mavivi anauliza bei, pesa inapita kwenye M-Pesa au Airtel Money, na mzigo unapanda pikipiki.

Hayo ni maendeleo, na hakuna sababu ya kuyaonea haya. Tatizo ni kwamba biashara hiyo imekua haraka kuliko kanuni zake. Muuzaji mwaminifu na mwizi wanatumia picha ileile na maneno yaleyale, na mnunuzi hana njia rahisi ya kuwatofautisha. Siku wakaaji wa Beni na Butembo watakapochoka kuibiwa na kuacha kununua kwa simu, hasara haitamwangukia tajiri mwenye depo mjini. Itamwangukia mama mwenye mtaji wa dola 50, na kijana aliyekimbia kijiji chake ambaye hana butiki nyingine isipokuwa simu iliyo mfukoni.

Soko lililohamia mfukoni

Biashara ya mbali si ngeni katika eneo hili. Wafanyabiashara wa Butembo walijulikana zamani kwa safari za Dubai na Guangzhou, na kwa mizigo iliyopita Mombasa, ikavuka Uganda na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Wengi wao walianza kwa kuchanga pesa na kujaza kontena moja kwa pamoja. Kilichowabeba hakikuwa mikataba ya mawakili. Kilikuwa jina. Mtu aliyekula pesa ya mwenzake alijulikana sokoni, kanisani na katika ukoo, na mlango ulifungwa mbele yake.

Leo picha za bidhaa kutoka China zinafika Butembo kwa sekunde chache, na kutoka Butembo zinafika Mavivi kabla mwenye duka hajafungua mlango. Pesa nayo imepata njia yake: M-Pesa ilianza Kongo mwaka 2012, na sasa kabini za kutuma na kutoa pesa ziko hadi kwenye vituo vidogo vya barabarani.

Vita navyo vimesukuma. Mashambulizi ya ADF, yaliyoanza kuua raia kwa wingi katika eneo la Beni mwaka 2014, yamefanya safari ya kawaida ya kwenda sokoni kuwa jambo la kufikiria mara mbili. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ulifungwa, na Beni ikawa makao ya muda ya viongozi wa jimbo. Watu wameongezeka, mahitaji yameongezeka, na mizigo mingi zaidi inategemea njia ya Kasindi. Kwa familia ya Mavivi, kwenda Beni kuuliza bei ya godoro ni nauli ya kwenda na kurudi pamoja na wasiwasi wa njiani. Kuuliza kwa simu ni mega chache.

Kutafuta na kutafutwa

Ili kuelewa kinachobadilika, ni vizuri kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni kutafuta. Mtu anaandika maneno kwenye Google, naye anapewa kurasa zinazofanana na maneno hayo. Hapo mnunuzi ndiye anayekwenda kwa bidhaa. La pili ni mitandao ya kijamii. Facebook na TikTok zinaangalia mtu anapenda nini, anasimama wapi na anarudia video gani, kisha zinamletea vitu ambavyo hakuviomba. Hapo bidhaa ndiyo inayomfuata mnunuzi.

Mpaka kati ya hayo mawili unafifia. Mwaka 2022, kiongozi mmoja wa Google alisema hadharani kwamba katika uchunguzi wa kampuni yake, karibu asilimia 40 ya vijana wanaotaka mahali pa kula chakula cha mchana hawafungui tena Google, wanafungua TikTok au Instagram. Tangu mwisho wa mwaka huohuo, programu za akili bandia kama ChatGPT zimeleta njia ya tatu: mtu anauliza swali na kupewa jibu moja lililokwisha kupangwa, badala ya orodha ya kurasa za kuchagua. Google nayo ilianza kuweka majibu ya aina hiyo juu ya matokeo yake mwaka 2024.

Hayo yanamhusu vipi muuzaji wa Mavivi? Yanamhusu sana, kwa sababu sehemu kubwa ya biashara ya eneo hili iko kwenye statusi na makundi ya WhatsApp. Statusi inafutika baada ya saa 24. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa, hausomwi na Google wala na akili bandia yoyote ya kutafutia habari. Maana yake ni kwamba muuzaji anaonekana tu na watu waliokwisha kuwa na nambari yake. Ana duka lenye bidhaa nzuri, lakini mlango wake unafunguka kwa ndani peke yake.

Kwa hiyo Mkongo aliye Kinshasa, Kampala au Brussels anayetaka kahawa ya Butembo, au kuitumia familia yake magodoro bila kuituma pesa mkononi, anaweza kuandika majina ya miji hii na kukutana na habari za mauaji na ripoti za mashirika kabla ya kuona duka hata moja. Miji yenye wafanyabiashara hodari inajulikana kwenye mtandao kwa makaburi yake. Si kwa sababu hakuna biashara. Ni kwa sababu biashara haijaandikwa mahali inapoweza kusomwa.

Mkulima wa kakao anajua faida ya kutafuta. Mwezi Desemba 2024, bei ya kakao kwenye soko la New York ilipita dola 12,000 kwa tani, kisha ikashuka sana mwaka 2025. Bei hiyo si bei ya shambani Mavivi: kuna usafiri, ushuru, ubora wa mbegu na faida ya wanunuzi wa kati. Lakini mkulima anayeweza kuona kwenye simu kama soko linapanda au linashuka haingii katika mazungumzo akiwa kipofu. Mnunuzi akimwambia bei imeanguka, anaweza kuhakikisha kabla ya kufungua gunia.

Mbuzi kwenye gunia

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandao umeichanganya methali hiyo. Sasa kizuri nacho lazima kijitembeze, la sivyo hakuna atakayekiona. Na kibaya kinajitembeza kwa miguu ya kuazima: picha iliyoibwa kwenye ukurasa wa mwingine, jina la butiki linalofanana na la mtu anayejulikana, sauti tamu ya kumwita mnunuzi "mama" au "yaya".

Mbinu zinajulikana. Simu nzuri inatangazwa kwa nusu ya bei ya soko. Mnunuzi akiuliza, anaambiwa wengine watatu wanaitaka, atume angalau nusu ili awekewe. Anatuma. Anaambiwa mzigo uko njiani, lakini kuna pesa kidogo ya kizuizi. Anatuma tena. Halafu nambari haipatikani. Dakika chache baadaye pesa imekwisha kutolewa kwenye kabini nyingine, na laini inaweza kuwa imeandikishwa kwa jina la mtu asiyejua lolote. Aliyeibiwa dola 30 hataenda kwa mwendesha mashtaka, kwa sababu safari na hati zitamgharimu zaidi ya hizo 30. Mwizi anajua hesabu hiyo vizuri.

Hata pale ambapo hakuna wizi, kuna desturi zinazoua imani. Muuzaji anaweka picha bila bei, na kila anayeuliza anaambiwa aandike faraghani. Huko kila mtu anapewa bei yake, kulingana na jinsi anavyoonekana kwenye picha ya wasifu. Picha ni ya kiatu cha ngozi, kinachofika ni cha plastiki. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hata kama gunia ni kioo cha simu.

Lakini haki itendeke kwa wauzaji pia. Katika eneo ambako majambazi wenye silaha wanaingia nyumbani usiku na watu wanatekwa ili walipiwe fidia, muuzaji anayeficha mahali anapoweka mali hana nia mbaya kila mara. Kutangaza "mzigo mpya umefika" pamoja na picha ya nyumba ni kuwaalika wengine wasio wateja. Yeyote anayewashauri wafanyabiashara wa Beni wajionyeshe kama wanavyofanya wenzao wa Nairobi lazima alifikirie jambo hilo kwanza.

Njia iko

Uwazi na usalama vinaweza kwenda pamoja. Muuzaji hana lazima ya kuonyesha anakolala. Anachohitaji ni jina moja, nambari moja isiyobadilika, bei iliyoandikwa wazi, na mahali pa kukabidhiana mchana, penye watu: sokoni, kwenye kituo cha wamotari, mbele ya duka linalojulikana. Kampuni ya Jumia, iliyoanza Nigeria mwaka 2012, ilikutana na tatizo la miji isiyo na majina ya barabara wala nambari za nyumba. Sehemu ya jibu lake ilikuwa vituo vya kuchukulia mizigo na malipo wakati wa kupokea. Hata hivyo ilifunga kazi zake Tanzania mwaka 2019, jambo linaloonyesha kwamba mtaji mkubwa peke yake hautoshi. Lakini vituo hivyo ni wazo ambalo duka dogo la Mavivi linaweza kulitumia kesho bila mtaji wowote.

Bidhaa zionyeshwe pia mahali panapotafutika. Ukurasa wa Facebook ulio wazi, au duka kuandikishwa kwenye ramani ya Google, ni bure. Statusi ibaki kwa wateja wa kila siku. Ukurasa uwe kwa yule asiyemjua muuzaji bado. Anayewauzia watu wa Bwera, ng'ambo ya mpaka, akumbuke kwamba Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, na wateja wa huko wanahitaji njia nyingine. Na kila mauzo yaandikwe: tarehe, kitu, bei, nambari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ndilo ushahidi wa kwanza ugomvi unapotokea.

Mnunuzi naye ana kazi yake. Picha inaweza kuhakikishwa kwa kuitafuta kwenye Google. Ikionekana kwenye kurasa za nchi tano, muuzaji hana hicho kitu mkononi. Simu ya video ya dakika moja inatosha kuona bidhaa yenyewe. Pesa yote isitumwe kabla ya mzigo kuonekana. Na aliyeibiwa asinyamaze kwa aibu, maana ukimya wake ndio mtaji wa mwizi.

Serikali haiwezi kusema haina sheria. Amri yenye nguvu ya sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayoitwa Kanuni ya Dijitali, inahusu biashara ya elektroniki, ulinzi wa data za watu na uhalifu wa mtandao. Swali ni nani anayeijua Mavivi. Polisi na waendesha mashtaka wa Beni na Butembo wanahitaji njia fupi ya kupokea malalamiko madogo, na kampuni za simu zinahitaji kusimamisha haraka pesa iliyoshtakiwa kuwa ya wizi kabla haijatolewa. Shirikisho la Makampuni ya Kongo, FEC, ambalo lina sauti kubwa Butembo, lingeweza kuwasikiliza wauzaji hawa wadogo, wawe na butiki au la.

Kitu ambacho hakifai ni kuanza na kodi au kufunga. Ushuru wa RAM uliokatwa kwenye simu uliwachosha wananchi mpaka ukaondolewa mwaka 2022. Na wafanyabiashara hawajasahau kwamba tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchini kote, ikarudi baada ya karibu wiki tatu. Kwa mtu mwenye duka la mawe, zile zilikuwa siku za kukosa habari. Kwa mtu ambaye duka lake ni simu, siku kama hizo leo zingekuwa za njaa.

Wazee wa biashara wa Butembo walithibitisha kwamba inawezekana kutuma pesa mbali na kupata mzigo, hata serikali inapokuwa dhaifu na barabara mbovu, mradi jina la mtu lina uzito. Vijana wa Mavivi wamepata chombo chenye kasi kuliko vyote walivyokuwa navyo wazee hao. Kilichobaki ni kuyapa majina yao kwenye simu uzito uleule, na anayeharibu jina la wote afungiwe mlango, kama zamani.