Sanduku Gumu Halitoshi
Wanaosafirisha tromboni, tuseme kutoka Ujerumani kwenda kwa wapiga matarumbeta wa usharika fulani Moshi, huliamini mno sanduku lake gumu. Sanduku likidondoka, ala hurukaruka humo ndani, kipulizio kilichoachwa huru hugonga mirija, na bomba la kuvuta likipinda kidogo tu halitelezi vizuri tena. Basi ala ibanwe kwa vitambaa isicheze, kipulizio kifungwe peke yake, kisha sanduku zima liingie katika katoni kubwa iliyojazwa vitu laini pande zote sita. Watasema katoni kubwa huongeza nauli, na ni kweli, ndege hutoza hata ukubwa wa mzigo; lakini fundi wa kunyoosha bomba hilo huku ni wa kutafuta kwa tochi. Kibandiko cha “dhaifu” kibandikwe, ila hakipunguzi kishindo.