Suruali ya kazi: maneno ya mtaani yanayomgharimu kijana

Kijana akipata barua ya ajira, ushauri wa mavazi humfikia kabla ya mshahara. Kaka, mjomba, muuzaji wa Kariakoo, rafiki aliyetangulia ofisini, kila mmoja ana neno lake, na mengi ya maneno hayo yamerudiwa mpaka yamekuwa sheria. Matokeo yake nayaona Dar es Salaam kila mwaka: vijana wenye akili nzuri wanatumia mshahara wa kwanza kwa suruali ambazo miezi sita baadaye hazivaliki. Suruali ndiyo inayokaliwa kutwa nzima na ndiyo inayochakaa kwanza. Inastahili kufikiriwa kuliko tai, kuliko hata shati. Basi nayajibu maneno hayo, na kwenye kitambaa nitakaa zaidi, maana hapo ndipo fedha nyingi inapopotea.

La kwanza ni hili: "Nunua suti moja nzuri, suruali utaipata humohumo." Kwa haraka linaonekana la busara, kwa kuwa unapata vitu viwili kwa bei moja. Lakini koti la suti hutundikwa kwenye kiti asubuhi, na suruali yake inakaliwa mpaka jioni. Ukiivaa suruali peke yake mara mbili kwa wiki, ukaifua na kuipiga pasi, baada ya miezi michache rangi yake inaachana na ya koti. Hapo suti imekufa, na suruali uliyobaki nayo ni moja tu iliyochoka. Suti ina siku zake: usaili, harusi, kikao cha bodi. Ofisi nyingi za Dar hazidai koti kila siku, na joto lenyewe haliliruhusu. Fedha ya suti moja ya kawaida inaweza kukupa suruali mbili za maana pamoja na ujira wa fundi wa kuzirekebisha. Anza na hizo.

"Chukua nyeusi, inakubali kila kitu." Shati inalikubali, kweli. Haikubali vumbi. Tembea kutoka kituo cha daladala mpaka ofisini wakati wa kiangazi, halafu angalia pindo na nyuma ya miguu: vumbi limekaa juu ya nyeusi kila mtu analiona. Nyuzi nyeupe za shati na za kiti cha gari nazo hubaki hapo. Tena nyeusi ya bei ya chini hupauka kwa mafungu, ikaanza kugeuka kahawia magotini na makalioni huku sehemu nyingine ikiwa bado nyeusi. Na siku utakayopata koti la bluu iliyokolea, utagundua kwamba juu ya suruali nyeusi linaonekana limechukuliwa gizani. Suruali ya kwanza iwe ya kijivu kilichokolea. Kijivu kinapatana na viatu vyeusi na vya kahawia, na shati jeupe, la samawati au la waridi, na karibu koti lolote. Ya pili iwe bluu iliyokolea. Nyeusi ije baadaye kama kazi yako inaidai.

Sasa kitambaa. Neno la mtaani linasema: "Sufu ni ya Ulaya kwenye baridi. Hapa kwetu joto, chukua poliesta, haikunji." Hakuna kauli iliyowatesa vijana wa pwani kuliko hii.

Tuanze na jasho. Sufu katika hewa ya kawaida inaweza kubeba unyevu unaofika karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Pamba hubeba kama asilimia 8. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Maana yake kwa mtu aliyebanwa kwenye mwendokasi saa moja asubuhi ni kwamba jasho la mapaja yake halina pa kwenda, linabaki kati ya ngozi na nguo, na harufu inaanza kabla hajafika mezani kwake. Aliyevaa sufu nyepesi anatoka jasho vilevile, ila kitambaa kinalinyonya na kulitoa nje.

Wanaosema sufu ni nzito wanafikiria sweta na blanketi. Sufu ya suruali za nchi za joto hufumwa kwa uzi mwembamba uliosokotwa sana, uzi mmoja juu na mmoja chini, na ina uzito wa gramu 220 hadi 260 hivi kwa mita ya mraba. Jinzi ya kawaida, ile ambayo kijana huyohuyo anaivaa Jumamosi kwenye jua la Kariakoo bila kulalamika, mara nyingi inafika gramu 400. Inua kitambaa dhidi ya mwanga. Ukiona vitundu vidogo vya mwanga vikipenya, hewa nayo itapenya.

Kuhusu kutokunja: poliesta kweli haikunji haraka. Lakini inang'aa. Pasi ikiwa ya moto kidogo, nyuzi zake zinalainika na kulala bapa, na ule mng'ao wa makalioni na kwenye kingo za mifuko hauondoki tena. Sufu ikikunjika, itundike usiku kucha. Unyevu wa hewa ya Dar wenyewe utanyoosha mikunjo mingi kabla ya alfajiri.

Kisha kuna lebo. Katika maduka ya vitambaa utakuta jora limepigwa chapa ya dhahabu pembeni: Super 150. Muuzaji atakuambia namba ikiwa kubwa, kitambaa ni bora. Namba hiyo inapima wembamba wa unyoya wa kondoo na si kitu kingine: Super 100 ni sufu isiyozidi maikroni 18.75, na Super 150 isiyozidi 16.25. Kwa hiyo kwenye kitambaa cha poliesta namba hiyo haina maana yoyote. Na hata kwenye sufu halisi, ya suruali ya kukalia kila siku isiwe kubwa mno, kwa sababu unyoya mwembamba zaidi huchakaa upesi zaidi. Super 100 au 110 itadumu kuliko 150.

Ukitaka kujua ukweli, omba uzi mmoja kutoka pembeni ya jora, au kutoka ndani ya pindo, uuwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima yenyewe ukiondoa moto, na majivu yake meusi yanasagika vidoleni. Pamba hunuka karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kitone kigumu ambacho hakisagiki. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia uzi mmoja.

Sisemi kila mtu anunue sufu tupu. Mchanganyiko wa poliesta 55 na sufu 45 ni suruali ya kazi ya kweli, imara na yenye kupumua kiasi. Mchanganyiko unaouzwa sana madukani, poliesta 65 na viskosi 35, unavumilika kama umefumwa mwepesi. Ninachokataa ni poliesta tupu kuitwa nguo ya joto.

"Ya kisasa ni ya kubana." Mitindo ya upana ina historia ndefu hapa. Suruali za kubana zilipigwa vita katika Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969 chini ya Umoja wa Vijana wa TANU. Baadaye likaja bugaluu la kufagia barabara, likaja bwanga pana, ikaja modo ya kubana. Aliyeshona kwa kufuata ukingo mmoja au mwingine alibaki na nguo ya kabati. Ya katikati ilivaliwa nyakati zote. Zaidi ya hapo, waraka wa mavazi ya watumishi wa umma wa mwaka 2007 unakataza nguo za kubana, kwa hiyo kijana anayeingia serikalini na modo anaanza kazi kwa kuitwa pembeni.

Kubana kunajionyesha mahali pachache, na ukishapajua hutadanganyika tena. Mifuko ya pembeni inaachama hata ukisimama wima. Mistari ya mlalo inajichora kutoka msambani kuelekea mapajani. Mstari wa pasi unapotea pajani na kutokea tena chini ya goti. Jaribu suruali ukiwa umevaa viatu vya kazi, simu mfukoni, kisha kaa, inama ufunge kamba, na panda ngazi kwa hatua ndefu. Ukiwa umesimama, uweze kushika kitambaa kama sentimita 3 kila upande wa paja. Mdomo wa mguu, ukilazwa mezani, uwe na sentimita 18 hadi 20.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulipindua: wanachagua kwa kiuno. Kiuno ndicho fundi anachokiweza kirahisi kuliko vyote, kupunguza au kuachia sentimita mbili tatu ni kazi ya saa moja. Paja na kina cha msamba hakuna fundi wa kukuongezea, kwa sababu kitambaa hakipo. Nunua kinachokaa vizuri makalioni na mapajani, halafu mpelekee fundi kiuno na urefu. Urefu wenyewe, pindo liguse kiatu mbele na likunjike kidogo mara moja tu. Mkunjo wa pili na wa tatu juu ya kiatu humfanya mtu aonekane amevaa ya kaka yake.

"Mtu wa ofisi havai mtumba." Kauli hii inatoka kwa watu ambao hawajapitia rundo la suruali za kiume asubuhi robota linapofunguliwa pale Karume, Ilala. Tangu biashara ya mitumba iliporuhusiwa katikati ya miaka ya 1980, sufu nyingi na nzuri inayofika mikononi mwa mtu wa kipato cha kawaida imepitia humo, kwa bei ambayo dukani inakupa poliesta. Ila lazima ujue kusoma. Tafuta lebo ya ndani: Wool kwa Kiingereza, Laine kwa Kifaransa, Lana kwa Kiitalia, Schurwolle kwa Kijerumani. Alama ya Woolmark, ile ya nyuzi zilizojizungusha kwenye duara, imekuwapo tangu 1964 na inaaminika.

Halafu igeuze ndani nje. Weka mkono msambani na uangalie dhidi ya jua, hapo ndipo inapokonda kwanza. Tafuta vitundu vya nondo. Pitisha kidole kwenye mshono wa nyuma wa kiuno: suruali iliyoshonwa vizuri ina kitambaa cha ziada kilichoachwa humo, na kwenye pindo pia, ili iongezwe mwenyewe akinenepa. Ukikuta mshono umekatwa hadi ukingoni, fundi hana pa kushika, iache hata kama rangi imekuvutia. Suruali pana za zamani zenye marinda mbele usiziogope. Fundi mzuri atapunguza mguu kuanzia goti kwenda chini, pande zote mbili sawa ili mstari wa pasi usihame, na utapata nguo ambayo dukani huioni.

Kuhusu "kadeti ni sawa tu na ya kitambaa", nitasema kwa ufupi. Kadeti ni pamba nzito, mishono yake inaonekana nje, na baada ya kukaa saa tatu magoti yanatokeza. Ni nguo nzuri ya Ijumaa na ya kazi za nje. Siku ya kukutana na mteja kwa mara ya kwanza, vaa ya kitambaa.

La mwisho: "Siku tano, suruali tano." Tano za haraka ni tano mbovu. Mwaka wa kwanza tatu zinatosha, kila moja ikipumzika angalau siku moja kabla ya kuvaliwa tena, imetundikwa kwa pindo, mifuko ikiwa mitupu. Ya sufu haifuliwi kila ikivaliwa. Ipigwe brashi, doa lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na ikifika siku ya kufuliwa iwe maji baridi, sabuni laini, bila kufikicha, ianikwe kivulini. Pasi ipite juu ya kitambaa chenye unyevu, isiguse sufu yenyewe. Mshahara wa kwanza uchukue ya kijivu na umlipe fundi. Wa pili utafute ya bluu bila haraka. Ya tatu isubiri mwezi wa nne, ukishaona wakubwa wako wa kazi wanavaa nini Jumatatu na wanavaa nini Ijumaa.