Dume Hakuja: Maoni ya Mwindaji Mwanagenzi

Niliporudi kutoka muhula wa kubadilishana wanafunzi huko Missouri, Marekani, swali la kwanza bwenini halikuwa la masomo. Lilikuwa, "Eti ni kweli ulikuwa unawinda?" La pili likawa, "Ulipata wangapi?" Nikijibu sifuri, watu wanacheka na stori inaishia hapo. Sasa kwa kuwa mhariri amenipa kurasa mbili, wacha niiendeleze mwenyewe, maana naamini hiyo sifuri ina mambo ambayo sisi wa elimu tunayahitaji kuliko wenzetu wa fani nyingine.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia ndege gani. Siyo yule bata mzinga wa uani anayejivimbisha mbele ya wageni na kukimbiza watoto wanaotoka shule. Wa porini ni ndugu yake wa damu, lakini ni mwembamba, anaruka vizuri tu, usiku analala juu ya miti, na ana macho makali ajabu. Anaona rangi, anaona karibu pande zote bila kugeuza sana shingo, na ukiinua kidole kujikuna pua, ameshaondoka. Bahati nzuri uwezo wake wa kunusa ni mdogo. Mzee aliyenifundisha, mwalimu mstaafu wa hisabati niliyekutanishwa naye na familia iliyonipokea, alikuwa akisema kwamba ndege huyu angekuwa na pua ya swala, binadamu wangekuwa wanamsikia tu.

Uwindaji wa majira ya machipuko umejengwa juu ya jambo moja la kuchekesha. Kuanzia Aprili madume wanatafuta majike. Alfajiri dume analia kutoka juu ya mti, glo-glo-glo, mlio unaosikika mbali sana kama hakuna upepo, na kwa desturi yao jike ndiye anayemfuata. Mwindaji anakaa chini, mgongo kwenye mti, anaiga sauti ya jike na kumwomba dume afanye kinyume: wewe ndiye uje. Unaona tatizo lilipo. Dume anakujibu vizuri kabisa, anakujibu mara ishirini, halafu anabaki pale pale anakusubiri. Na kama ana majike halisi karibu, wale wanamchukua na kuondoka naye huku wewe unaendelea kubembeleza hewa.

Vifaa vya kuigia sauti ni vya kawaida tu. Kuna kijisanduku cha mbao chenye kifuniko unachokisugua juu yake, kuna kisahani cha jiwe kinachokwaruzwa kwa kijiti, na kuna kipande kidogo cha mpira unachokiweka kwenye kaakaa na kupuliza. Cha mwisho ndicho kizuri kuliko vyote kwa sababu mikono inabaki huru, na ndicho kigumu kuliko vyote. Nilikifanyia mazoezi wiki tatu bafuni. Mkenya niliyekuwa naishi naye chumba kimoja aligonga mlango siku moja akaniambia, "Dada yangu, huyo kuku mchinje tu, anateseka."

Kabla ya yote hayo kuna sheria, na hapa nataka nikae kidogo. Sheria ya Marekani inamkataza mgeni mwenye viza ya muda, kama sisi wanafunzi, kushika bunduki. Moja ya njia chache za halali ni kuwa na leseni hai ya uwindaji. Nayo Missouri ina masharti yake. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baadaye, akitaka kuwinda na bunduki akiwa na miaka 16 na kuendelea, lazima awe amesoma kozi ya usalama wa uwindaji. Kama hajaisoma na ni mgeni wa fani hii, kuna kibali cha mwanagenzi: unaruhusiwa kuwinda, lakini ukiwa pamoja na mtu mzima mwenye sifa ambaye kozi ameshafuzu. Huruhusiwi kwenda peke yako. Niliichukua njia hiyo, na kozi nikaisoma hata hivyo.

Mengine ni madogo lakini yana sababu. Hutakiwi kumwaga mahindi ili kuwavuta ndege. Na hata ukiyaondoa, eneo linahesabiwa kuwa lina chambo kwa siku kumi baadaye. Huruhusiwi kutumia sauti ya kurekodiwa. Kinachowindwa ni dume, au ndege mwenye ndevu zinazoonekana kifuani. Kwenye ardhi ya umma bunduki inawekwa chini saa saba mchana, na ukipata ndege unatoa taarifa kwa idara kabla ya saa nne usiku siku hiyo hiyo. Zaidi ya sheria kuna busara ya wazee: usivae nyekundu, nyeupe wala bluu, hata soksi, kwa sababu kichwa cha dume kina rangi hizo na mwindaji mwenzako ana kidole kwenye kifyatulio. Usiufuate mlio kwa kunyata pia. Huenda anayelia ni mwalimu wa mtu mwingine na kijisanduku chake.

Nilikwenda asubuhi kumi na moja. Msitu wetu ulikuwa sehemu ya Mark Twain National Forest, msitu wa taifa wenye ekari kama milioni 1.5 kusini mwa jimbo, milima midogo ya mialoni na mihikori iliyokuwa ndiyo kwanza inatoa majani. Kuamka ni saa tisa usiku. Kutembea gizani bila tochi, kimya, ukivaa nguo za mabaka ambazo huku kwetu zingenipatia maswali kutoka kwa wahusika. Asubuhi nne mvua ilinyesha. Asubuhi tatu hatukusikia hata mlio mmoja, na nyingine mbili tulisikia milio kwa mbali tu. Kupe ndio waliokuwa wengi kuliko ndege, na huko kuna aina ya kupe ambao wakikuuma unaweza kupata mzio wa nyama nyekundu. Hebu fikiria unarudi Tanzania na hadithi ya kuwinda, na nyama choma huigusi tena.

Asubuhi mbili zilizobaki ndizo ninazozikumbuka. Katika ile ya kwanza dume alishuka kutoka mtini bonde la pili, akanijibu mimi, siyo mzee, mimi na kampira kangu. Mikono ilitetemeka hadi bunduki ikawa inagonga kitufe cha koti. Akaja akilia kila baada ya dakika chache, karibu zaidi, karibu zaidi, hadi nikaanza kusikia ule mngurumo wa chini anaoutoa akijivimbisha, ambao unausikia kifuani zaidi ya masikioni. Halafu jike mmoja wa kweli akapita kati yetu. Basi. Ndoa ikafungwa mbele ya macho yangu na harusi ikaelekea kusini.

Ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Dume alitokea ukingoni mwa uwazi, mkia umefunguka kama feni, kichwa cheupe na chekundu kiking'aa kwenye jua la saa tatu. Mzee alikuwa amenifundisha kuhesabu umbali kwa miti kabla ndege hajaja: mti ule ndio mwisho wako, kama hatua arobaini, zaidi ya hapo unajeruhi tu, ndege anakwenda kufa asikojulikana. Dume alisimama nyuma ya mti ule kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama mtihani mzima wa saa tatu. Sikufyatua. Akazunguka, akafunga mkia, akaondoka kwa miguu kama mtu aliyekumbuka ana kikao. Mzee hakusema neno hadi tulipofika kwenye gari. Akafungua chupa ya kahawa, akanimiminia mimi kwanza.

Najua baadhi yenu mnaona hii ni anasa ya Wazungu, na wengine wanaona ni ukatili. Kwa wa pili nina jibu fupi: anayekula kuku wa kukaanga pale getini kila Ijumaa amlaumu mwindaji polepole. Kwa wa kwanza jibu ni refu kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, bata mzinga wa porini Missouri walikuwa wamebaki elfu chache tu, baada ya misitu kukatwa na watu kuwinda bila mpaka. Idara ya uhifadhi, iliyoundwa mwaka 1937, ikaanza kuwanasa waliobaki kwa nyavu zinazorushwa kwa mizinga midogo (ndiyo, bata mzinga kwa mzinga) na kuwahamishia maeneo yaliyokuwa matupu. Mwaka 1960 msimu wa machipuko ukafunguliwa tena, kwa siku chache na katika wilaya chache. Pesa zinatoka wapi? Tangu mwaka 1937 sheria ya nchi inatenga kodi ya asilimia 11 ya bunduki ndefu na risasi kwa ajili ya wanyamapori, na mwaka 1976 wananchi wa Missouri wenyewe walipiga kura kukubali sehemu moja ya nane ya asilimia moja ya kodi ya mauzo iende kwenye uhifadhi. Kwa hiyo hata anayenunua sabuni anachangia ndege. Siyo kwamba mambo ni shwari. Miaka ya karibuni ndege wamepungua tena kwa sababu vifaranga wengi hawafiki ukubwani. Lakini huwezi kuuita mfumo huo mchezo wa matajiri, kwa sababu niliowakuta maegesho saa kumi alfajiri walikuwa mafundi bomba, wauguzi na kijana mmoja wa duka la matairi.

Kinachonikera kweli ni kwamba jimbo zima limekaa likafikiri kuhusu mtu anayeanza. Wamejiuliza: huyu asiyejua, tumruhusu vipi aingie bila kujiumiza na kuumiza wengine? Wakajibu kwa kumwekea mtu pembeni yake. Hawakumpa kitabu na kumtakia heri. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanajua hili bila kibali chochote: mtoto anapewa upinde mdogo mapema na anakua huku anawatazama wakubwa.

Sasa tulinganishe na TP yetu. Mwaka wa kwanza nilipangiwa shule moja ya kata, siitaji. Siku ya Jumatatu mwalimu mwenyeji alinipokea kwa furaha ya kweli, akanikabidhi chaki, ratiba na vipindi vyake vyote vya Kiswahili, kisha sikumwona tena darasani hadi nilipoondoka. Simlaumu, alikuwa na mikondo minne, na mimi nilikuwa mapumziko yake ya kwanza tangu Januari. Kidato cha pili walikuwa tisini na kitu kwenye madawati ya hamsini. Msimamizi kutoka chuo alikuja mara mbili, akakaa nyuma dakika arobaini, akajaza fomu, akanipa alama nzuri tu. Alama zile zilipima nilichojua kabla ya kufika. Katika wiki zote zile hakuna aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Subiri, bado yuko mbali."

Na wanaoumia siyo sisi. Mwindaji asiye na mwalimu anajeruhi ndege mmoja. Mimi nilikuwa na watoto tisini wenye mtihani wa taifa mbele yao, na somo la kwanza la ushairi nililowafundisha ndilo pekee la ushairi walilopata muhula ule.

Najua jibu la ofisi: walimu hawatoshi, bajeti haitoshi, wanafunzi wa ualimu ni wengi. Yote ni kweli. Lakini ninachokitaka hakihitaji gari wala posho ya msimamizi. Wiki mbili za mwanzo za TP mwanafunzi asishike kipindi peke yake. Akae na mwalimu mwenyeji darasani, amtazame, kisha wafundishe pamoja, kisha mwalimu amtazame yeye. Mwenyeji atie saini kila siku kwamba alikuwepo, na saini zile zihesabike kwenye alama kama inavyohesabika fomu ya msimamizi. Na chuo kiitambue kazi hiyo, hata kwa barua tu kwenye faili lake, kwa sababu kwa sasa mwalimu anayetulea hapati hata asante.

Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ni mwezi ujao na kampeni zimeshaanza kutuahidi intaneti ya kasi na boom kuingia mapema, kama kila mwaka. Wagombea wakifika vyumbani kwenu, waulizeni kuhusu hizo wiki mbili. Mimi nitamuuliza kila atakayegonga mlango wangu. Kalenda ya TP hupangwa mwishoni mwa muhula huu, kwa hiyo muda upo, ingawa siyo mwingi.